Kupeleka chai ya viungo Barbados: nani mwenye kauli ya ushuru, na mzigo unapitia wapi?

MamaViungo_Kuze

Asalaam aleikum wajuzi. Kikundi chetu cha Mji wa Kale hufungasha majani ya chai yaliyochanganywa na iliki, tangawizi na mdalasini, pakiti za gramu 100. Kuna duka la vyakula Bridgetown, Barbados, linataka katoni 50 za kuanzia, kila katoni pakiti 24. Kabla ya kukubali bei nataka kuifahamu nchi yenyewe. Serikali yao ikoje, bado wako chini ya Mfalme wa Uingereza? Ushuru wa forodha unapangwa na nani? Sisi na wao tuko Jumuiya ya Madola, je, hilo linatupa nafuu yoyote? Na mzigo ukitoka Kilindini unafikaje huko, maana kila ninayemuuliza ananitajia njia yake.

---

Mwalimu_Kizingo

Waaleikum salaam, dada. Niachie serikali na historia, mambo ya forodha wenye kazi yao wanakuja.

Barbados haiko tena chini ya Mfalme. Ilipata uhuru tarehe 30 Novemba 1966, Errol Barrow akiwa Waziri Mkuu, na ikawa jamhuri tarehe 30 Novemba 2021. Aliyekuwa Gavana Mkuu, Sandra Mason, ndiye aliyeapishwa kuwa Rais wa kwanza. Lakini usimpime Rais wa kule kwa kipimo cha Rais wa hapa. Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964, cheo cha Waziri Mkuu kilifutwa na madaraka yakahamia kwa Rais. Barbados walibadilisha mkuu wa nchi tu, serikali ikabaki mikononi mwa Waziri Mkuu na baraza lake. Rais huchaguliwa na Bunge, hapigiwi kura na wananchi. Mia Mottley ndiye aliyeshika uwaziri mkuu tangu Mei 2018, na chama chake kilichukua viti vyote 30 vya Baraza la Wawakilishi mwaka 2018 na tena Januari 2022. Seneti ina watu 21 wa kuteuliwa: 12 kwa ushauri wa Waziri Mkuu, 2 wa upinzani na 7 ambao Rais huwateua kwa hiari yake.

Jambo moja litakupunguzia kazi: hakuna serikali za kaunti. Mabaraza ya mitaa yalivunjwa miaka ya 1960. Kisiwa kimegawanywa katika parokia 11, Saint Michael yenye Bridgetown, Christ Church, Saint Philip na nyinginezo, ila hizo leo ni majina ya mahali tu. Hazina askari wa kusimamisha lori wala ada ya kuingiza bidhaa. Mzigo ukishalipiwa bandarini, umelipiwa kisiwa kizima.

Sasa historia, maana ndiyo inayoeleza kwa nini wanakuhitaji. Kisiwa kina kilomita za mraba 430, karibu mara mbili ya Kaunti ya Mombasa, na watu hawafiki 300,000. Waingereza waliingia mwaka 1627 wakateremkia mahali panapoitwa leo Holetown, na hawakutoka hadi 1966. Visiwa jirani vilipokonywana kati ya Mfaransa, Mhispania na Mwingereza. Barbados haikubadilisha bendera hata mara moja. Bunge lake lilianza mwaka 1639, miongoni mwa mabunge makongwe kabisa ya makoloni ya Uingereza, ila kwa zaidi ya karne tatu lilikuwa la wenye mali.

Miaka ya 1640 wakulima wakubwa waliacha tumbaku na pamba, wakajifunza ukulima wa miwa kutoka Brazil iliyokuwa chini ya Waholanzi. Kuanzia hapo ardhi yote ikawa miwa, na kazi yote ikafanywa na Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari. Sheria ya watumwa ya mwaka 1661 ilitungwa huko, ikanakiliwa Jamaica na South Carolina. Watu waliinuka Aprili 1816 wakiongozwa na Bussa, wakazimwa kwa mauaji. Utumwa ulifutwa 1834, na ule wa "uanagenzi" ulioufuata, yaani kulazimishwa kuendelea kumfanyia kazi bwana, ukaisha 1838. Lakini ardhi ilibaki kwa wenye mashamba. Mtu aliyeachiwa huru alikuwa hana pa kulima ila kwa yule yule aliyemmiliki jana. Hasira ya hali hiyo ililipuka Julai 1937, watu 14 wakauawa, na humo ndimo vilimozaliwa vyama vya siasa na vya wafanyakazi vya Grantley Adams na wenzake. Kura ya watu wazima wote ilikuja mwaka 1951.

Ndiyo maana nasema ujue historia kabla ya bei. Kisiwa kilichopandwa zao moja kwa miaka mia tatu hakikujilisha, na hata leo, sukari ikiwa imedidimia na utalii ukiwa ndio mkate, chakula kingi hutoka nje. Soko lipo. Wao wenyewe huuza nje ramu, kemikali, saruji na vyakula vya kusindika, wakinunua zaidi kutoka Marekani, na mafuta na bidhaa za viwanda kutoka Trinidad na Tobago.

---

Klaring_Shimanzi

Mwalimu amefungua mlango vizuri. Mama Viungo, nakujibu swali la nani mwenye kauli: kauli ya ushuru haiko Bridgetown peke yake. Barbados ni mojawapo ya nchi nne zilizotia saini Mkataba wa Chaguaramas tarehe 4 Julai 1973 ulioanzisha CARICOM, yaani jumuiya ya nchi za Karibi, pamoja na Guyana, Jamaica na Trinidad na Tobago. CARICOM ina ushuru wa pamoja kwa bidhaa za kutoka nje ya jumuiya, kama ilivyo Afrika Mashariki. Nchi ikitaka kwenda kando ya kiwango hicho hupeleka ombi kwa baraza la mawaziri wa biashara, COTED. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina ndugu wizarani atakushushia ushuru," mwache apite.

Jumuiya ya Madola haikupi nafuu ya senti moja. Hapa ndipo wengi hupotea. Madola si eneo la biashara. Mpango wa zamani wa upendeleo wa Kiingereza ulikufa Uingereza ilipoingia Ulaya mwaka 1973. Vilevile, Kenya ina mkataba wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulioanza kazi Julai 2024, na nchi za Karibi zina wa kwao uliotiwa saini Bridgetown mwaka 2008. Mikataba hiyo miwili haigusani: kila upande unafanya biashara na Ulaya, si wao kwa wao. Kati ya EAC na CARICOM hakuna mkataba wa ushuru, basi utalipa kiwango cha kawaida cha nchi isiyo na upendeleo.

Hesabu inavyokwenda: Forodha ya Barbados huchukua thamani ya CIF, yaani bei ya mali pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Ushuru huhesabiwa juu ya hiyo. Kisha VAT ya 17.5% huhesabiwa juu ya CIF *pamoja na* ushuru. Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani, mbili kwa moja, tangu 1975, kwa hiyo kugeuza ni rahisi. Chukua mfano wa pakiti zako 1,200 zenye CIF ya dola 3,000 za Marekani, sawa na 6,000 za Barbados. Kiwango kikiwa 20%, ushuru ni 1,200, VAT ni 17.5% ya 7,200, yaani 1,260. Jumla 8,460, au 7.05 kwa pakiti kabla ya gharama za bandari na faida ya duka. Kiwango kikiwa 5%, ushuru ni 300, VAT 1,102.50, jumla 7,402.50, au karibu 6.17 kwa pakiti. Viwango hivyo viwili ni vya mfano tu. Wako halisi unategemea namba ya forodha, na namba ndiyo roho ya shughuli yote.

Majani meusi yaliyotiwa viungo kwa ajili ya harufu hubaki chai, namba 0902. Pakiti isiyozidi kilo 3 ni 0902.30, gunia au mfuko unaozidi kilo 3 ni 0902.40. Ukiuza unga wa viungo vya chai bila majani ndani, hiyo si chai tena, ni mchanganyiko wa viungo, 0910.91. Chai ya unga wa kuyeyuka iko mbali kabisa, 2101.20. Mfumo wa CARICOM kwa kawaida hutoza malighafi kidogo na bidhaa iliyokamilika zaidi, na mazao ya kilimo yanayolindwa huenda hadi 40% au kupita. Mwambie mnunuzi amwendee wakala wake na namba zote mbili za 0902 akuletee kiwango kwa maandishi.

Msidhani hili ni jambo dogo. Kulikuwa na kesi ya saruji iliyofika Mahakama ya Haki ya Karibi. Ubishi ulikuwa kama ni saruji ya kawaida ya kujengea au, kama alivyosema muagizaji, ni "saruji nyingine" yenye kiwango cha 0 hadi 5%. Mahakama mwaka 2019 ikampa muagizaji haki. Mahakama hiyo iko Port of Spain, na tangu 2005 ndiyo pia ya mwisho ya rufaa kwa Barbados badala ya London. Nchi yenye mahakama ya namna hiyo juu yake ni nchi ambayo ushuru wake unaweza kubishaniwa kwa hoja.

---

MamaViungo_Kuze

Mwalimu, Shimanzi, Mungu awalipe. Kuna aliyenishauri tupeleke majani kwa wingi Uingereza, yafungashwe huko, halafu yaingie Barbados kwa mkataba wa Uingereza na Karibi bila ushuru. Lawezekana?

---

Klaring_Shimanzi

Halifai, na usilijaribu. Mkataba huo upo, umeanza Januari 2021, lakini unafuata mali *ilikozaliwa*, si ilikopitia. Kutia kwenye pakiti, kubandika lebo na kuchanganya kwa kawaida hakubadilishi asili ya chai. Majani ya Kericho yaliyofungashwa London bado ni ya Kenya. Anayetangaza kuwa ni ya Uingereza ametoa tamko la uongo, na muagizaji ndiye atakayedaiwa tofauti pamoja na faini. Duka lako litakukimbia.

Na kwenye asili hiyo hiyo jiangalie mwenyewe. Majani ni ya Kenya. Iliki na mdalasini vya Marikiti mara nyingi vimetoka Tanzania au mbali zaidi. Hati ya asili ya kawaida huipata kutoka Chama cha Wafanyabiashara na Viwanda, KNCCI. Andika orodha ya viambato ilivyo na uwe na risiti za ulikonunua.

---

Ghala_Changamwe

Naongeza kuhusu safari. Hakuna huduma ya moja kwa moja ya kontena kutoka Kilindini hadi Bridgetown. Mzigo hubadilishwa meli njiani, mara nyingi zaidi ya mara moja: kitovu cha Mediterania au Ulaya, kisha kitovu cha Karibi kama Kingston ya Jamaica au Caucedo ya Jamhuri ya Dominika, ndipo meli ndogo iupeleke Bridgetown. Kila unaposhushwa waweza kukosa meli inayofuata. Usimwahidi mnunuzi chini ya miezi miwili na nusu.

Ila katoni 50 hazihitaji kontena. Tuseme katoni ni sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Hiyo ni mita za ujazo 0.036, zote 50 ni 1.8. Majani yenyewe ni kilo 120 tu. Katika kontena la kushirikiana hutozwa kwa tani au mita ya ujazo, kubwa kati ya hizo mbili, kwa hiyo utalipia 1.8 ingawa uzito haufiki hata robo tani. Kwa ndege hesabu ni sentimita za ujazo kugawanya kwa 6,000: katoni moja ni "kilo" 6, zote ni 300. Yaani walipia kilo 300 kwa chai ya kilo 120. Dawa ni kupunguza hewa: pakiti bapa iliyokandamizwa badala ya boksi lenye nafasi tupu, na katoni iliyopimwa ili pakiti 24 zikae bila kucheza. Ukiweza kushusha katoni hadi sentimita 40 kwa 30 kwa 20, theluthi ya nauli imeondoka. Omba bei zote mbili, ya bahari na ya ndege, kabla ya kuamua. Kwa mzigo mdogo, ada za kushughulikia kontena la kushirikiana kule mwisho zaweza kumeza tofauti yote.

Kinachoharibu chai baharini ni maji na harufu. Kontena likitoka joto la Mombasa likapita baharini penye baridi, unyevu wa ndani hugeuka matone ya maji kwenye bati la juu na kudondoka. Twaita jasho la kontena. Kila pakiti iwe na mfuko wa ndani uliozibwa kwa joto, katoni ziwe na karatasi nzito juu, na kama unachukua kontena zima tundika vifyonza unyevu. Majani ya chai hunywa harufu upesi. Kwenye kontena la kushirikiana muulize mkusanyaji kwa maandishi ni shehena gani itakaa na yako. Ngozi, samaki mkavu, sabuni au vitunguu, kataa. Ukipewa kontena zima, ingia ndani, funga milango, angalia kama kuna tundu la mwanga, kisha vuta pumzi. Ikinuka, rudisha.

Paleti za mbao ziwe na muhuri wenye suke la ngano wa IPPC, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, yaani mbao zilizopashwa joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30. Paleti isiyo na muhuri yaweza kuzuiwa pamoja na kilicho juu yake. Kwa kontena zima utahitaji pia uzito uliothibitishwa, VGM, la sivyo halipandi meli. Na tangawizi ikaushwe sawasawa kabla ya kuchanganywa. Ikiwa na unyevu, ukungu utaanza pakitini kabla mzigo haujatoka Bahari ya Hindi.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Barbados iko mashariki kabisa na mara nyingi huponea pembeni. Elsa mwaka 2021 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuipiga kama kimbunga kamili tangu Janet wa 1955, na Beryl alipita kusini yake Julai 2024 akavunja mashua nyingi za wavuvi. Lakini hata kikipita mbali, meli ndogo husimama. Bima ianze mlangoni pa ghala lako, isianzie melini.

---

Hesabu_Nyali

Mmeacha malipo. Andika ankara kwa dola za Marekani, dola ya Barbados haibadilishiki hapa kwetu. Barbados bado ina udhibiti wa fedha za kigeni chini ya Benki Kuu yao, ingawa umelegezwa, kwa hiyo benki ya mnunuzi itadai karatasi. Jina la kikundi, anwani na kiasi viwe sawasawa herufi kwa herufi kwenye ankara, orodha ya vifurushi na B/L, yaani hati ya shehena anayotoa mwenye meli. Pesa hupitia benki ya Marekani katikati, na herufi moja ikitofautiana inaweza kukaa huko majuma.

Mtu atakutajia LC, yaani barua ya benki ya mnunuzi inayoahidi kukulipa ukileta hati zilizotajwa. Kwa dola 3,000 haifai, ada za benki mbili zitakula faida yako. Bora asilimia 50 kabla ya kufungasha, na iliyobaki akiona nakala ya B/L, kabla hujamwachia hati asilia. Mzigo ukikua hadi kontena ndipo ufungue LC, na ukumbuke hati zifike benki ndani ya siku 21 baada ya kupakiwa, kama LC haikutaja muda mwingine. Wengi hunyimwa malipo kwa kuchelewesha hati ya asili.

Kuhusu hali ya nchi: Juni 2018 Barbados ilisimamisha kulipa wadai wa nje, deni likiwa limepita 150% ya pato la taifa. Wakaingia mpango na IMF Oktoba ya mwaka huo huo, wakapanga upya deni la ndani kisha la nje mwaka 2019, na ile mbili kwa moja haikuguswa. Hilo lapaswa kukutuliza. Pia benki ya Afreximbank ilifungua ofisi Bridgetown mwaka 2023 kwa ajili ya biashara ya Afrika na Karibi. Haikopeshi vikundi vya katoni 50 moja kwa moja, lakini mabenki yanayoitumia yanaweza kukuthibitishia LC siku hiyo ikifika.

---

MamaViungo_Kuze

Shukrani sana. La mwisho: mnunuzi asema akishaingiza Barbados atauza pia Saint Lucia na Grenada kwa kuwa wote ni CARICOM. Nimpe bei ya visiwa vyote?

---

Klaring_Shimanzi

Hapana. Hapa CARICOM si kama tulivyozoea na Uganda, ambako ushuru hulipwa mara moja mzigo unapoingia eneo la forodha. Kule bidhaa ya nje iliyolipiwa kisiwa kimoja haiwi ya CARICOM. Ikivuka kwenda Saint Lucia, hutozwa upya. Tangu Oktoba 2025 watu wa Barbados, Belize, Dominica na Saint Vincent huhamia nchi za wenzao kwa uhuru, lakini hiyo ni ruhusa ya watu, haihusu chai yako. Kama kweli ana wateja visiwa vingine, mzigo wao ushukie ghala la forodha Bridgetown bila kulipiwa, kisha upelekwe mbele kwa hati za kupitisha. Hilo liandikwe kwenye oda tangu mwanzo, kwa idadi ya katoni za kila kisiwa, kwa sababu mzigo ukishalipiwa Barbados kurudishiwa ushuru ni safari ndefu. Kwa oda hii ya kwanza andika Bridgetown tu, katoni zote 50.